Mke wa Kalekye Mbele ya Dirisha la Bima

Kalekye wa Kanyangi alioa miaka ishirini iliyopita. Nimesema alioa, na usinisahihishe. Mumewe, Muindi, alikufa bila kumwachia mtoto, na kwetu Ukambani mjane wa namna hiyo anaweza kumwoa mwanamke mwenzake kwa mahari halali, mbele ya wazee, ili boma lisizimike. Mke huyo tunamwita iweto. Kalekye alipeleka ng'ombe sita kwa wazazi wa Wavinya, Wavinya akaja, akazaa watoto watatu, na wote wanaitwa kwa jina la marehemu. Kanisani watu walinung'unika mwaka mmoja, wakachoka.

Mwaka huu Wavinya aliuza ndengu zake zote akalipia bima mpya ya serikali, ya mwaka mzima. Alielewa kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili angeelewa: ukilipia boma, mwenye boma yumo. Kwa hiyo kidonda cha sukari kilipomchimba Kalekye mguuni, na daktari akasema asipopasuliwa wiki hiyo mguu utakatwa gotini, niliwapakia kwenye pikapu yangu, mimi jirani yao, tukaenda hospitali kubwa bila wasiwasi.

Karani wa dirisha la bima aliitwa Gedion. Alibofya, akatikisa kichwa.

"Yako iko sawa, mama," alimwambia Wavinya. "Lakini huyu mzee hayuko ndani. Ni nani wako?"

"Ni mwenye boma. Mimi ni bibi yake."

Gedion alicheka mpaka akamwita mwenzake aje asikie. Foleni nzima ikacheka. Miongoni mwao nilimwona mtu wa kwetu ambaye mamake mzazi ni iweto, naye anaonyesha meno yote thelathini na mawili. Nilitamani kutema mate, na kama si askari wa mlangoni ningetema.

"Hii kompyuta inajua mume, bibi na watoto," Gedion alisema alipokwisha kufurahi. "Mzazi anajiandikisha mwenyewe na analipa yake. Hata ukimuita mama mkwe, ni hivyo tu."

Basi akaanza kumwandikisha, kwa maswali ya kupima uwezo wake wa kulipa. Paa ni la nini? Choo ni cha aina gani? Mnapikia nini? Kalekye alijibu yote, nzi wakimzonga mguuni. Kisha: unaishi na nani? Hapo Gedion akainama, akashusha sauti kama mtu anayetoa msaada.

"Sikia, mama. Ukisema uko na watu, ada itapanda, na ni ya mwaka mzima, na inalipwa leo. Sema uko peke yako. Huna mtu. Itatoka ile ya chini kabisa."

Kalekye aligeuka akamtazama Wavinya. Wavinya akamshika bega na kumwambia taratibu, "Sema tu, mwaitu." Ndivyo anavyomwita siku zote, yaani mama yangu.

"Sina mtu," Kalekye alisema.

Gedion akaandika. Mke amesimama pale pale, mkono begani, na serikali imeandika hayupo! Harufu ya kile kidonda nimeisahau. Hili la dirishani bado linanichafua roho, na nachukizwa na nafsi yangu pia, kwa sababu pesa nilizitoa mimi, haraka haraka, nikashukuru kwamba ni kidogo.

Wodini, sista Nasreen alileta fomu ya upasuaji. Kalekye akatia kidole. "Nataka na jamaa wake," sista alisema, akampita Wavinya kwa macho, akaja kwangu. "Mzee, wewe ni ndugu yake?"

Kalekye akainua kichwa. "Huyo ni jirani. Bibi yangu ni huyu, na yeye ndiye ataandika."

Sista akasita. "Kwani hapa si imeandikwa unaishi peke yako? Wacha niulize wale wa bima."

Wavinya aliutazama ule mguu. "Ana homa, sista," alisema. "Anaongea tu. Mimi ni jirani. Huyu mzee ndiye ndugu yake." Akanisukumia karatasi.

Niliandika: kaka. Nikatia sahihi. Kalekye aligeuza uso ukutani, na hata walipomsukuma kuelekea chumba cha upasuaji hakumtazama mtu.

Mguu ulipona, ukaondokewa na vidole viwili tu. Siku ya kurudi nyumbani Wavinya alipiga magoti kando ya kitanda, akauingiza ule mguu kwenye kiatu polepole, akafunga kamba bila kukaza.

"Asante, jirani," Kalekye alimwambia.