Sindano ya Mnyoo Iliyopinda

Siku yangu ya kwanza kazini, katika maabara ya utafiti pale Kibaha, nilikabidhiwa ndoo ya mchanga. Nilijua wananipima. Nilikuwa nimeajiriwa kuhudumia viumbe wa baharini, na Kibaha haina bahari. Mtu mwenye akili zake lazima ajiulize. Mkuu wa Maabara, mzee mpole, akanieleza kwamba gari la ofisi limeuleta mchanga ule kutoka ufukweni asubuhi, na kwamba ndani yake mna wanyama. Nikautazama mchanga, nikamtazama na yeye.

Walikuwamo kweli. Ni minyoo bapa wanaoishi katikati ya punje za mchanga, mnyoo mzima hafikii kichwa cha pini. Tuliwamwagia maji yenye chumvi ya magnesiamu, wakalewa na kuachia punje walizong'ang'ania, kisha tukawachuja kwa wavu mwembamba. Kwa sura huwezi kuwatofautisha, wote ni kama kamasi linalotembea. Kila mmoja ana viungo vya kike na vya kiume kwa pamoja, na kwenye kile cha kiume mna kisindano kigumu. Hicho ndicho kinachomtambulisha. Kila spishi ina sindano ya umbo lake, na ukiikosea sindano umemkosea mnyama mzima.

Kumtazama nako kuna utaratibu. Mnyoo huwekwa akiwa hai kwenye tone la maji juu ya kioo, akafunikwa kwa kioo kingine chembamba. Kabla ya kumfunika, pembe nne za kile kioo chembamba hukwangua nta laini, nayo huzigandia kama vimiguu, ili kisimlalie. Mkuu wa Maabara alinirudisha kwenye vimiguu hivyo wiki nzima, nikidhani ananichelewesha makusudi nisipate kuthibitishwa kazini.

Alipostaafu akaja Mtafiti Mkuu, mtu wa haraka na maneno machache. Kwenye hadubini tulikuwa wawili, mimi na Zuhura, mwenyeji wa Kisarawe, ambaye mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wangu. Leo nalisema hilo bila taabu. Wakati ule nilimwonea wivu, na kila alipocheka na Mtafiti Mkuu nilihisi ninasemwa mimi.

Ijumaa moja nilipata mnyoo mwenye sindano ambayo hatukuwahi kuiona: imenyooka, na nchani ina meno mawili. Mtafiti Mkuu akaniagiza nimchore, kisha nimhifadhi awe kielelezo, yaani yule ambaye jina jipya la spishi husimama juu yake. Kopo la nta sikulikuta nilipoliacha, na nta yenyewe niliiona ina rangi nisiyoipenda. Nikaamini kuna mtu ameichezea. Basi nikamfunika mnyoo bila vimiguu, nikamchora, nikaenda kuswali.

Niliporudi, sindano ilikuwa imepinda na meno hayaonekani. Zuhura alikuwa amebaki chumbani peke yake.

Sikumuuliza. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mtafiti Mkuu na mchoro wangu mkononi, nikamwambia mnyoo wangu amebadilishwa. Zuhura alipoitwa alisema hajakigusa kioo, na akasema hivyo akiniangalia mimi.

"Kondo, una hakika?" Mtafiti Mkuu aliniuliza. "Hili litaingia kwenye jalada lake."

"Nina hakika kama ninavyokuona, mkuu."

Haukupita mwezi Zuhura akahamishiwa masjala ya ofisi moja Kisarawe, kupanga mafaili. Spishi yetu ikabaki bila jina, kwa sababu kielelezo hakikulingana na mchoro. Mimi nilipandishwa cheo, na tangu hapo nikawa sitoki chumbani bila kufunga mlango kwa ufunguo.

Huo mlango ndio ulionifundisha. Miaka mingi baadaye nilimpata tena mnyoo wa aina ile ile, sindano imenyooka, meno mawili. Nta ilikuwa imekwisha, nikamfunika hivyo hivyo. Mkurugenzi akaniita ofisini kwake, akanikalisha karibu saa nzima. Niliporudi, ufunguo ukiwa mfukoni mwangu, nikainama kwenye hadubini. Sindano ilikuwa imepinda. Maji yalikauka kidogo kidogo, kioo kikashuka, kikambana mnyoo. Hakuna aliyeingia. Nilikaa pale nikitafuta mtu wa kumshuku, nikamkosa.

Wa tatu nilimwekea vimiguu, akahifadhika vizuri, na spishi ikapata jina lake. Habari ya Zuhura sikumwambia mtu. Niliogopa kupoteza cheo changu, na niliogopa kuchekwa. Kazi yetu nzima ilikuwa kutofautisha kitu na kitu kwa ushahidi, na mimi nilimhukumu binadamu kwa chuki tu.

Nilistaafu, nikahamia kwangu Mbwawa. Mwaka huu niliandika barua ya kukiri kosa, nikaitia saini, nakala nikaipeleka maabara iingie kwenye jalada la Zuhura. Ile halisi niliipeleka Kisarawe kwa mkono wangu. Nilimkuta Zuhura barazani anachambua kunde. Naye amestaafu, kutoka masjala ile ile. Hakurudi tena kwenye hadubini. Alinikaribisha, akanipa kiti, akaisoma barua mara mbili, kisha akaigeuza kuangalia nyuma.

"Nani amekutuma?" aliuliza.

"Hakuna, dada Zuhura. Nimekuja mwenyewe."

"Mnataka nitie saini wapi?"

Nikamwambia hakuna saini inayotakiwa, nimekuja kuomba radhi tu. Akanirudishia barua, akashika tena kunde zake.

"Iache hapo mezani," alisema. "Mwanangu akirudi ataisoma, aone mmeficha nini."

Nikaiweka barua mezani, nikaaga.