Ziara Rasmi ya Idda Kwenye Kamelia

Watu wote wa Makambako, Walutheri kwa Wakatoliki, pamoja na mbuzi wenu, mnatangaziwa kwa taadhima kwamba Bibi Idda, mkulima wa maharage, mke wa Hezekia, atafanya ziara rasmi katika bustani ya umma ya Njombe, Jumapili ya kwanza ya Julai 1953, kutazama maua yaitwayo kamelia. Msafara wake ni lori la chumvi.

Ziara ilikuwa wazo la Hezekia. Daktari alikwisha kusema kwamba ukungu wa machoni mwa Idda hauna dawa. Mwaka mmoja, labda miwili, na giza. Hezekia, aliyemwachia mkewe jembe miaka kumi na miwili akaenda kukata chai Mufindi, aliapa kwamba kabla ya giza hilo Idda ataona walau kitu kimoja cha kupendeza. Tangu Aprili alikuwa kibarua wa bustani hiyo. Iliitwa ya umma, yaani umma wa Wazungu wanane. Umma uliobaki uliingia Jumapili alasiri, umevaa viatu, au umeviazima.

Wiki moja kabla ya ziara, Odilo, mnyapara wa bustani, alimwambia, "Bwana Shauri, Mzungu wa wilaya, anapita kesho. Safisha kote," akaenda zake msibani.

Hezekia alisafisha. Kamelia aliamini ni yale mawaridi ya langoni, aliyoyanywesha maji kama ndama. Upande wa juu wa bustani alikuta vichaka thelathini vya jani nene, la kung'aa, lenye meno pembeni. Jani hilo alilijua kuliko nyuso za wanawe. Chai! Tena imeachwa ikarefuka ovyo, na hii ndiyo baridi, majira ya kupogoa! Vitumba aliviona, lakini kwa Mufindi chai yenye maua ni chai ya mvivu. Kufikia saa kumi vichaka vyote vilikuwa bapa kama meza.

"Umefanya nini?" Odilo alipiga kelele aliporudi.

"Nimepogoa chai."

"Hiyo ndiyo kamelia, we kichwa maji!"

"Mbona ina jani la chai?"

"Na mimi nina kitambi cha padri. Nikusomee misa?"

"Itachanua lini tena?"

"Mwaka wa tatu, Mungu akikusamehe."

Bwana Shauri alipita, akazitazama meza thelathini, akasifu usafi.

Hezekia alimtumia mkewe neno asije. Neno lilipishana na lori njiani. Idda akashuka na kanga mpya, akawaamkia wote, "Kamwene," kisha akamsogelea mumewe hadi akaiona sura yake.

"Baba Lucia, maua yako wapi?"

"Nimeyakata. Nilidhani ni chai."

"Yote?"

"Yote."

Idda akainama kwenye lundo, akaokota kitumba, akakileta karibu na jicho. Kijani, na ncha nyekundu kama ulimi wa paka.

"Miaka yote ya Mufindi sikuletewa hata kikombe," akasema. "Leo chai hiyo hiyo imekula na maua yangu."

Akarudi na lori lile lile.

Hezekia aliviuguza vile visiki: samadi, maji, nyasi za kuvifunika ili sakitu, umande ulioganda, isiviunguze. Baridi ya kwanza vikatoa majani. Ya pili, majani. Huko Makambako Idda akapotelewa na tundu la sindano, halafu kuku, halafu uso wa Lucia, binti yake.

Julai ya tatu kamelia zikachanua, kubwa kama visahani, nyekundu hata Odilo akakosa tusi. Hezekia akamfuata mkewe mwenyewe, akamshika mkono hadi bustanini. Njia nzima alikuwa akipanga maneno ya kuomba radhi. Walipofika akayaacha, akachuma ua kubwa kuliko yote, akamwekea viganjani.

"Ni jekundu, mama Lucia. Jekundu kama..." Akatafuta, asipate. "Basi, ndilo hilo. Unasemaje?"

Idda akalipapasa petali kwa petali, akalipeleka puani, akavuta pumzi ndefu.

"Halinukii."