Germana na gari lililogoma Nainokanoka

Saa mbili asubuhi, ukungu bado umekifunika kijiji cha Nainokanoka, na Germana Tluway amelala nusu ya mwili ndani ya boneti la Land Cruiser nyeupe. Miguu yake inaning'inia juu ya bampa. Amevaa ovaroli ya bluu, na juu yake sweta mbili, kwa kuwa baridi ya huku juu si ya mchezo.

"Piga!" anaagiza.

Dereva Silvanus anazungusha funguo. Stata inazunguka kwa nguvu, gari linatikisika, lakini injini haiwaki.

"Acha! Acha, usiimalize betri."

Gari hili limebeba chanjo ya homa ya mapafu ya ng'ombe. Nyuma yake kumefungwa friji ndogo inayotumia umeme wa gari. Tangu alfajiri injini ilipokataa kuwaka, friji imezimwa ili kuokoa betri, na mlango wake haufunguliwi. Daktari wa mifugo, Dickson, anasema ubaridi uliomo utafika mchana tu, na baada ya hapo chanjo yote itakuwa ya kumwaga.

Ng'ambo ya kilima, kwenye boma la mzee Parmuat, ng'ombe zaidi ya mia nne wamezuiwa wasiende malishoni. Wengine wametembezwa tangu jana. Wenye ng'ombe wamesema watasubiri mpaka mchana. Baada ya hapo kila mmoja atashika njia yake, maana mifugo haishindi na njaa.

"Mwaka juzi ugonjwa huu uliniachia ng'ombe wawili," anasema Nareyu, mjane ambaye ameshuka kutoka kwenye boma hilo kuja kuona kinachokawiza chanjo. "Walikuwa kumi na watatu. Walikuwa wanakohoa kama watu. Nilikuwa nalala nawasikia."

Anamsogelea fundi. "Takwenya," anamsalimu kwa Kimaasai.

"Iko," anaitikia Germana bila kuinua kichwa.

"Litawaka, dada?"

"Litawaka, mama. Sijajua tu linataka nini."

Germana, mwenye umri wa miaka 38, ni fundi wa magari mjini Karatu. Alizaliwa katika familia ya wakulima. Baba yake alikuwa na pikapu kuukuu ya kubebea vitunguu kutoka Mang'ola, na watoto wote walijua kazi yao kila asubuhi.

"Sisi ndio tulikuwa stata," anasema huku akicheka. "Tunasukuma mpaka barabarani. Siku moja nikamuuliza baba, kwani hili gari linaumwa nini? Akaniambia hajui. Nikaona ajabu, mtu anasukuma kitu miaka yote na hajui kinaumwa nini."

Alijifunza kazi kwenye gereji ya fundi Inosenti, mzee aliyempokea wakati wengine wawili walishamkatalia. Inosenti alipostaafu, Germana alikodi uwanja wake mwenyewe kando ya barabara iendayo lango la hifadhi. Miezi ya kwanza ilikuwa migumu. Madereva wa watalii walikuwa wakisimama, wanamwangalia, kisha wanauliza fundi mwenyewe yuko wapi.

Mmoja wao alikuwa Silvanus huyu huyu. Wakati huo alikuwa akiendesha gari la safari, na aliliondoa kwenye gereji ya Germana likiwa limefunguliwa nusu, akaliburuza kwenda kwa fundi mwingine.

"Sikumwamini," anakiri Silvanus, akiegemea mlango. "Leo asubuhi nimepigia mafundi watatu. Mmoja anasema barabara mbaya, mwingine ana kazi, wa tatu hakupokea. Nikampigia huyu hapa, Mama Laurencia. Nilijua atanikatalia."

Germana hakukataa. Alidandia lori lililokuwa linapanda kufuata viazi, na sanduku lake la spana mapajani.

"Hakuniomba msamaha," anasema. "Aliniambia kuna chanjo ya ng'ombe. Ningekaa Karatu kwa hasira ya zamani, ng'ombe wa mama huyu wangepata faida gani?"

Kwanza anahisi ni upepo. Dizeli ikiishia njiani, hewa huingia kwenye mabomba na injini ikakosa mafuta. Analegeza nati, anapiga pampu ya mkono mpaka dizeli safi inatoka bila mapovu, anakaza tena. Silvanus anapasha plagi moto, anapiga stata. Hakuna kitu. Safari hii stata inazunguka kwa uvivu kidogo.

Dickson anatazama jua, ambalo sasa limeanza kupasua ukungu. Germana anafuta mikono kwenye ovaroli. Kwa mara ya kwanza asubuhi hii anaonekana kuwa na wasiwasi.

"Sio upepo," anasema hatimaye. "Nilikosea. Tuanze upya."

Anaeleza kwamba kwenye pampu ya dizeli kuna swichi ndogo ya umeme inayofungua njia ya mafuta. Ukiwasha funguo, hulia "tak" mara moja. Isipolia, stata itazunguka mpaka betri ife na injini haitapata hata tone.

Tatizo ni kuisikia. Kundi la ng'ombe wa jirani linapita kwenda kunywa maji, kengele zinalia, ndama wanaita, vijana wanapiga miluzi. Germana anafumba macho, anapenyeza mkono kati ya mabomba na kuweka kidole juu ya swichi.

"Washa funguo tu. Usipige stata."

Silvanus anawasha.

"Zima. Washa tena."

Anafumbua macho. Anatabasamu.

"Imekufa. Haipigi hata kidogo."

Anachukua testa, taa ndogo ya kupimia umeme, anaigusisha kwenye waya wa swichi. Taa haiwaki. Fyuzi ni nzima. Basi umeme unapotelea njiani. Anaufuata waya kwa vidole, taratibu, mpaka unapopita chini ya kipande cha chuma. Hapo anausikia umelegea. Kwa nje ganda lina mkwaruzo tu, lakini ndani nyuzi zimekatika kwa kusuguliwa na mitikisiko ya barabara hizi.

Anakata sehemu iliyokufa, anamenya ncha mbili, anaunga kipande kipya, anazungushia tepu na kuufunga waya mbali na kile chuma. Anarudisha kidole kwenye swichi.

"Washa."

"Tak."

"Mmesikia?" anauliza kwa sauti, ingawa hakuna aliyesikia isipokuwa kidole chake.

Silvanus anashuka kwenye gari. Anamnyooshea funguo.

"Washa wewe, fundi."

Germana anapanda. Stata inajikongoja, inazunguka mara moja, mara ya pili, kisha injini inanguruma na moshi mweusi unatapakaa barabarani. Nareyu anapiga kigelegele. Vijana waliokuwa na ng'ombe wanaruka juu na fimbo zao. Dickson anawasha friji, anachungulia kipimajoto, anainua dole gumba.

"Bado ni baridi! Twendeni!"

Kwenye boma la Parmuat, ng'ombe wanapita mmoja mmoja kwenye kichochoro cha uzio wa miti huku sindano ikifanya kazi yake. Wa Nareyu, ambao sasa wamefika watano, wamo kati ya wa kwanza. Kufikia alasiri amechanjwa hata ndama wa mwisho, na wazee wanamletea Germana kibuyu cha maziwa mgando. Anakunywa amesimama, ovaroli ikiwa imejaa oili.

Kabla hajaondoka, wazee wanamwomba jambo. Kijiji kina eneo karibu na maduka, wanataka afungue gereji. Germana amekubali kupanda kila Jumamosi, lakini anasema hilo ni la kuanzia tu.

"Mimi nitabaki mtu wa Karatu," anasema. "Nataka huku awepo fundi wa huku. Lilian, mkwe wa Nareyu, ameniuliza kama wanawake wanaruhusiwa kujifunza. Nimemwambia anaanza Jumatatu, kwangu Karatu."