Darasa Letu Kati ya Kuanika na Kugeuza

Dagaa wana harufu tatu kwa siku moja. Asubuhi, wakishushwa kutoka mitumbwini, wananuka maji na majani ya ziwani, harufu ya ubichi isiyomuudhi mtu. Jua likifika utosini harufu inakuwa nzito, ya mafuta, inaingia kwenye nywele na kwenye kanga, na haitoki hata ukifua mara mbili. Jioni, wakishakauka na kuanza kuchakarika ukiwashika, wananukia kama karanga zilizotoka jikoni. Nyumbani kwetu hapakuwa na saa, ya mkononi wala ya ukutani. Nilijua muda wa kipindi kwa pua. Harufu ya kwanza ilikuwa ya kazi, kila mtu na beseni lake. Ya pili ikianza kupanda, nilipiga makofi na kuwaita wadogo zangu, nao walikuja wakipangusa mikono kwenye nguo, tayari kusoma.

Tuliishi kwenye mwalo mmoja, ufuko wa kushushia samaki, si mbali na Kamanga, upande wa Sengerema, mahali ambapo ukipanda juu ya jiwe unauona mji wa Mwanza ng'ambo ya maji, nyumba zake zimekwea milima ya mawe kama mbuzi. Baba, aliyekuwa fundi wa mitumbwi, alitangulia mbele ya haki. Mama akamfuata baada ya masika mawili. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, darasa la sita. Nyuma yangu walikuwepo mapacha wa miaka saba, Kulwa na Doto, msichana na mvulana. Sikuacha shule kwa siku moja. Nilianza kukosa Jumatatu, kwa kuwa siku hiyo wanunuzi kutoka mjini walikuja mapema. Kisha ikafuata Ijumaa. Kisha nikawa naenda siku za mitihani tu. Halafu asubuhi moja nikagundua kwamba sare yangu nimeikata na kuifanya mfuko wa kubebea dagaa. Sikulia. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na mimi nilikuwa na watoto wawili wa kulisha kabla ya saa sita.

Mapacha waliandikishwa darasa la kwanza kama watoto wengine. Shule ilikuwa nyuma ya kilima, mwendo wa saa nzima kwa miguu midogo, na walitakiwa kutoka kabla jua halijapanda. Doto alizaliwa na ugonjwa wa damu wa selimundu. Baridi ya alfajiri ikimpata, au akichoka sana, mifupa ilimuuma mpaka akawa hawezi kuguswa hata na shuka. Kabla ya wiki tatu kwisha aliletwa nyumbani mgongoni mwa mwanamume tusiyemjua, aliyemkuta amekaa njiani anatetemeka. Mganga wa zahanati akaniambia mtoto huyu anywe maji mengi, asipigwe na baridi, asichoshwe. Kesho yake nilimwamsha Kulwa peke yake. Akavaa sare, akafunga vifungo vyote, akafika mlangoni, akageuka.

"Doto haendi?"

"Doto anaumwa. Nenda wewe, ukirudi utamfundisha."

"Nitamfundisha nini na mimi mwenyewe sijui?" Akavua viatu, akaviweka chini ya kitanda, akajilaza karibu na pacha wake. Huo ndio ukawa mwisho wa hadithi. Wanaomjua Kulwa hadi leo hawatashangaa.

Basi nikawafundisha mimi. Sikuwa na neno la kuiita kazi hiyo. Nilijua tu kwamba mama angeniuliza. Ubao wetu ulikuwa ubavu wa mtumbwi ambao baba hakuwahi kuumaliza, uliofunikwa kifudifudi nyuma ya nyumba. Chaki ilikuwa mkaa. Mchanga wa ufukweni ulikuwa daftari lisiloisha kurasa. Kitabu cha kusomea kilikuwa chochote chenye maandishi: madaftari yangu ya zamani, kitabu cha nyimbo za kanisani, mfuko wa saruji, karatasi ya maelezo iliyokaa ndani ya boksi la dawa za Doto. Kulwa alijifunza kusoma kwa sauti kupitia karatasi ile, na kwa muda mrefu alikuwa akimwambia kila mtu "hifadhi mahali pakavu, mbali na watoto" kwa sauti ya mhubiri.

Siku yetu iligawanyika kama siku ya dagaa. Tulianika mchangani asubuhi. Upande wa juu ukishakauka, tuligeuza. Kati ya kuanika na kugeuza tulisoma na kuandika. Kati ya kugeuza na kuanua tulifanya hesabu. Na muda wote huo mmoja wetu alikuwa na fimbo ya kufukuza kunguru na nyangenyange. Mwaka wetu wa masomo nao ulitawaliwa na mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa haishindani na mbalamwezi; mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi hulala, na sisi tulisoma kutwa. Giza likirudi, kazi ilirudi, na vipindi vikawa vifupi. Kulwa aliniuliza mara nyingi, "Dada, kesho ni likizo?" nami nikamjibu, "Muulize mwezi."

Mwaka wa pili wa maisha hayo alikuja Baba Mdogo, mdogo wake baba, fundi ujenzi aliyekuwa akiishi Sengerema mjini. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ndio ulionitia hofu. Tulimwamkia, akaitikia marahaba, akakaa kwenye kiti chetu pekee na kumtazama Doto kwa muda mrefu. Kisha akasema mbele yetu sote kwamba familia imeongea. Kulwa angekwenda kwa Shangazi huko Geita, Doto angekwenda kwake, na mimi ningetafutiwa kazi za ndani mjini Mwanza, kwa watu wa kanisani.

"Minza, wewe ni mtoto unayelea watoto," akaniambia. "Hawa watakua mbumbumbu, halafu nitamjibu nini marehemu kaka yangu?"

"Wanasoma, Baba Mdogo."

"Wanasoma wapi?"

Nikamwonyesha mtumbwi. Aliutazama ule mkaa, akanitazama mimi, na sikupenda huruma niliyoiona usoni mwake. Lakini hakuwa mtu wa kufunga mlango bila kubisha. Tukakubaliana hivi: mwezi ule ukiisha, yeye mwenyewe angewapeleka mapacha kwa Mwalimu Mkuu wa shule ya nyuma ya kilima. Wakipimwa na kuonekana wanatosha kuingia darasa la tatu pamoja na wenzao wa umri wao, tungebaki pamoja. Wasipotosha, tungegawanywa.

Sijawahi kufundisha kama nilivyofundisha mwezi ule. Kulwa alikuwa mwepesi na mwenye kiburi, akimaliza zoezi alikuwa akimcheka mwenzake: "Unaandika au unachimba kisima?" Doto alikwenda taratibu, lakini kitu kikishaingia kichwani mwake hakitoki. Hesabu niliwafundisha kwa njia pekee niliyoijua, njia ya kupima. Nilikuwa na sado, lile kopo tunalopimia, na kokoto. Mteja anataka sado tano, ameongeza saba, jumla ngapi? Tulipanga kokoto mchangani, tukahesabu kwa sauti, na mwishoni niliweka kokoto moja zaidi nikisema, "Na ya mteja." Ndivyo mama alivyonifundisha. Mteja hapimiwi akaondoka hivi hivi. Anapewa nyongeza, la sivyo kesho ananunua kwa jirani. Haba na haba hujaza kibaba, lakini mwaloni kibaba kikijaa kazi bado. Lazima kifurike kidogo. Doto alikuwa na mkono wa kumwaga, nyongeza yake ilikuwa mlima, na wanawake walipenda kupimiwa na yeye. Kulwa mkono wake ulikuwa mkavu. Akina mama walimtania, "Kulwa, hao dagaa watatu wa nyongeza umewahesabu au umewapa majina?" Sikuona hatari yoyote katika jambo hilo.

Siku ya kupimwa tulipanda kilima jua likiwa limekwishapata moto, Doto mgongoni mwa Baba Mdogo, nami nimebeba maji. Mwalimu Mkuu, mama mnene mwenye miwani ya kamba, aliwaketisha kwenye madawati mawili yaliyotengana, akawapa karatasi. Baba Mdogo na mimi tulikaa kwenye benchi nje. Alikuwa ameweka kofia gotini. Nilisikia kalamu za mapacha kupitia dirishani, ya mmoja ikikimbia, ya mwingine ikitembea.

Kusoma walisoma wote wawili vizuri. Kulwa alisoma kwa sauti yake ya mhubiri hadi Mwalimu akamwambia apunguze. Halafu zikaja hesabu. Mwalimu alituita ndani, akasahihisha mbele yetu, peni nyekundu mkononi. Kulwa alipata nane kati ya kumi. Akachukua karatasi ya Doto. Nikaona mkono wake ukiweka alama ya kosa, kosa, kosa, kama mtu anayeshona.

"Moja," akasema. "Moja kati ya kumi."

Baba Mdogo alivuta pumzi. "Nilikuambia, mwanangu," akasema taratibu. Hakusema kwa ubaya. Ningekuwa na nafuu kama angegomba. Kulwa, ambaye siku zote alikuwa na la kumwambia pacha wake, aliinama akaanza kufunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa tayari. Mimi niliona miguu ya Doto, haifiki sakafuni, na nikafikiria jinsi nitakavyozikunja nguo zake, na nani huko Sengerema atajua kwamba maji yake ya kunywa yanatakiwa yawe karibu na kichwa.

Mwalimu hakuiweka karatasi mezani. Alikuwa ameshusha miwani na kuirudia toka juu. "Mwanangu," akamwambia Doto, "saba na tano umeandika kumi na tatu. Madebe matatu, kila debe sado tano, umeandika kumi na sita. Kila mahali umezidisha moja. Kwa nini?"

Doto alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua. "Ni ya mteja, Mwalimu."

"Mteja gani?"

"Yeyote. Usipompa, harudi."

Mwalimu akashusha kidole kwenye karatasi. "Na hili ulilopata, wiki mbili zina siku ngapi? Mbona hapa hukuongeza?"

"Siku hatuuzi," Doto akajibu.

Hapo ndipo nilipojua kwamba kosa lilikuwa langu; Kulwa, kwa mkono wake mkavu, ya mteja alikuwa ameiacha mwenyewe. Uso ulinichoma. Nikasimama na kusema: kwamba mimi ndiye niliyemfundisha hivyo, kokoto moja zaidi kila hesabu, miaka miwili, na sikuwahi kumwambia kwamba nyongeza ni ya sokoni na haimo vitabuni. Kwamba kama kuna wa kufeli basi ni mimi. Mwalimu aliniashiria nikae. Akamwambia Doto, "Sasa nijibu bila ya mteja," akamuuliza yote kumi kwa mdomo. Doto akajibu tisa bila kusita, na la kumi akaomba alifikirie, akalipata.

Ndipo Baba Mdogo alipoanza kucheka. Alicheka kwanza puani, kisha kwa mwili mzima, kofia ikaanguka. "Hata mimi matofali nikipigiwa hesabu, naagiza ya ziada," akasema. "Mengine huvunjika njiani. Huyu mtoto hajakosea, Mwalimu. Huyu ni fundi."

"Kwangu amekosea," Mwalimu akasema, lakini alikuwa anatabasamu. "Akija hapa ataandika kama kitabu kinavyotaka. Darasa la tatu, wote wawili." Kisha akanigeukia. Akasema Doto asije alfajiri. Aje jua likishapanda, siku anazojisikia vizuri. Siku nyingine Kulwa atambebea kazi, "na wewe utaendelea naye hapo nyumbani kama ulivyoanza. Ila kokoto zihesabu upya."

Tulishuka kilima polepole. Nilikuwa sijui kama mwili ukiachiliwa na hofu unakuwa mzito; niliketi mara mbili njiani kwa kisingizio cha kumpa Doto maji. Baba Mdogo alilala kwetu, akarudi kwake asubuhi, na wiki iliyofuata akatuma masweta mawili ya sufu. Habari ya Geita haikutajwa tena.

Miaka imepita. Mwaloni siku hizi tunaanika kwenye chanja zilizoinuliwa, dagaa hawana mchanga tena, na watoto wa hapa wana shule ya karibu ambayo hawahitaji kuvuka kilima kuifikia. Wanangu wanaitazama simu yangu na kuniuliza ilikuwaje mtu asome mfuko wa saruji. Nawajibu kwamba ulikuwa na maneno makubwa, rahisi kuyaona. Watu wazima huniuliza swali lingine, kama nasikitika kwamba sikuendelea na masomo. Kuna siku nasikitika, sitadanganya. Nikijaza fomu, nafika pale wanapouliza kiwango cha elimu, peni inasimama kidogo kabla ya kuendelea. Sitamani mtoto yeyote abebe nilichobeba, na nikiona msichana wa miaka kumi na minne mwenye beseni kichwani saa za shule, namuuliza nyumbani kuna nani.

Kulwa anaishi Bukoba na mumewe. Doto yuko Mwanza mjini, anameza dawa zake kila siku, anafanya kazi ya ofisini, na ameshaupita umri ambao watu walinong'ona kwamba hataufikia. Nikipima kwa ramani, tumetawanyika kuliko vile Baba Mdogo alivyokuwa amekusudia kututawanya. Lakini hakuna aliyepelekwa. Kila mmoja aliondoka kwa miguu yake, akiwa mkubwa, mchana, baada ya kula, na mimi nilimsindikiza mpaka kivukoni nikarudi nyumbani nikiimba.