Mchaga Aliyebaki Kariakoo Krismasi

Kitabu nilimnunulia mimi, kwa hiyo lawama nilizibeba mimi. Josepha anauza vitenge kwa jumla, mimi nauza mabaibui, katikati yetu ukuta mmoja tu. Anapenda sana riwaya za upelelezi, na Desemba hii nilimwona amenyong'onyea mno. Wachaga wote wa mtaa wetu wanaulizana nauli za Moshi, yeye Mchaga mwenzao haulizi. Mume wake, marehemu Gaudens, amezikwa kwao Kibosho, hukohuko Moshi, pale kwenye migomba. Krismasi iliyopita, ya kwanza tangu afe, Josepha hakwenda, na mwaka huu pia sioni dalili. Kumuuliza niliogopa, nikaona bora nimpe kitu cha kumchangamsha.

Akakisoma amekaa juu ya marobota, wateja wanamsubiri amalize ukurasa. Alipomaliza akaja kukitupa juu ya kaunta yangu bila hata salamu, akasema huyu mwandishi kamchosha.

Nikamwambia, jamani, mbona muuzaji alikisifu mpaka basi? Akanisimulia kwa sauti ya mtu anayetaja bei. Wakala wa forodha kauawa bandarini siku ya Krismasi. Wanashukiwa wote, mke, dereva wa lori, mpaka mlinzi. Mchaga mmoja, Tarsis, mwenye duka la jumla hapa Kariakoo, hashukiwi kabisa, kwa sababu majirani walimwona siku hiyo dukani kwake anauza kama kawaida. Mpelelezi akaridhika, akaenda kuwasumbua wengine kitabu kizima, mwishoni ndiyo anashtuka kumbe muuaji ni Tarsis.

Nilicheka, wallahi. Hata mimi Mwarabu wa Magomeni najua kwamba sikukuu hiyo maduka yao yana makufuli, wenyewe wote wamekwenda kwao Moshi. Eti Mchaga kaonekana Kariakoo siku ya Krismasi, na hiyo ndiyo imemwokoa! Hebu huyo mpelelezi angewauliza hata wauza kahawa. Nikaendelea kucheka mpaka nikaona Josepha hacheki, na hapo nikakumbuka naongea na nani.

"Kumjua muuaji mapema si neno," akasema. "Kinachoniudhi, mtaa mzima ulimwona kabaki, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza kwa nini hakwenda kwao."

Niliona aibu, nikaona na hasira pia, maana huyu ni shoga yangu wa miaka. Nikamuuliza palepale, na wewe mwaka jana ulibaki kwa nini?

Akavuta stuli akakaa. Gaudens alipokuwa hai, mama mkwe alikuwa akipiga simu tangu Novemba, mnakuja lini, mbuzi tumchinje lini. Baada ya mazishi simu za Kibosho zikakatika. Hakuna aliyemtukana, hakuna aliyemfukuza. Ila yeye na Gaudens hawakujaliwa mtoto, na mjane asiye na mtoto atatokeaje tu getini na begi, hakuna anayemtarajia? Anachotaka ni kwenda kupalilia kaburi la mumewe. Kila simu ikilia anaikimbilia, na amechoka.

"Basi mimi nakuuliza," nikamwambia. "Unakwenda lini?"

Akatabasamu kidogo, macho yamejaa.

"Wewe si mama mkwe wangu, Thuraya. Angeniuliza yeye, ningeshakata tiketi."