Mjomba Mgonga Reli

Mjomba wangu aliajiriwa kugonga reli. Usicheke, ilikuwa kazi, tena ya watu makini. Kila asubuhi alitembea kilomita nane na nyundo ya mpini mrefu, akigonga chuma na kusikiliza. Reli nzima hulia; yenye ufa hutoa sauti butu, kama chungu kilichopasuka. Miaka thelathini na moja hakuna treni iliyoanguka kwenye kipande chake, na alijisifia hilo mpaka mkewe akawa anaomba likizo ya masikio.

Treni zilipokoma, kituo kikabaki yatima. Mabati yakaliwa na kutu, mbuzi wakahamia chumba cha abiria wa daraja la kwanza. Kisha wakaja wezi wa vyuma chakavu. Waling'oa uzio, kengele, hata miguu ya mabenchi. Siku mjomba alipowakuta wakikata reli, walimpiga nondo ya kichwa, wakamwacha anavuja damu masikioni. Sikio la kushoto lilikufa palepale. La kulia likabaki kusikia vishindo na makelele tu.

Ndipo mtaa ulipoamka. Mwalimu mstaafu aliunda kamati, tukafagia, tukaziba paa, tukawaandikia wakuu wa reli, waliopanga kukibomoa: msikibomoe kituo, tumeni mtu akikague kwanza. Watu mia mbili na kumi tulitia saini au dole gumba. Zamu za ulinzi tukagawana, na amri ya mjomba ilikuwa moja.

"Mkisikia nyundo kwenye reli, msiulize maswali. Mwizi hana maelezo."

Tulimpigia makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wote, kwa sababu mimi ndiye niliyemfunga zile bandeji.

Jumatatu moja, saa nne asubuhi, nikiwa kwenye cherehani yangu barazani, nilisikia ngo. Kimya. Ngo. Kimya. Halafu filimbi ya mjomba. Watu walimwagika kutoka kila mlango: fundi baiskeli na spana, muuza mkaa na mpini wa koleo, sisi wanawake na mawe. Nyuma ya kituo alikuwepo mwanamume wa makamo, ameinama, nyundo mkononi. Alituona, akanyanyuka akitabasamu.

"Habari zenu, jamani."

Mjomba alimjibu kwa nyundo. Alimpiga mkono wa kulia, nikausikia mfupa. Baada ya hapo hatukuwa watu tena. Fundi baiskeli alimvunja meno. Muuza mkaa alimkanyaga mbavu. Alipojaribu kutambaa chini ya jukwaa walimvuta miguu, kidevu kikigonga mbao za reli, taruma moja baada ya jingine.

"Subirini! Nyinyi ndio mmeniita!" alipiga kelele, mdomo umejaa damu.

"Tumekuita?" fundi baiskeli akacheka. "Basi karibu!" Akampiga tena.

Mimi nilirusha jiwe likampata shavuni. Sitajificha nyuma ya mtu. Nilirusha, na lilipompata nilifurahi.

Mwalimu ndiye aliyefungua mkoba wa yule bwana, akitafuta msumeno. Alitoa daftari lenye namba za reli kumi na nne, na mbele ya kila namba neno "nzima". Chini ya daftari ilikuwepo barua yetu, na vidole gumba vyetu vyote.

Mwalimu alikaa chini kwenye kokoto. "Jamani, huyu ndiye mkaguzi."

"Sasa mbona hakupiga hodi kwa kamati?" fundi baiskeli aliuliza, akificha spana mgongoni.

Mjomba, ambaye hakuwa amesikia neno, ilibidi aonyeshwe barua. Aliisoma, akalitazama daftari, nami nikampigia kelele sikioni swali la fundi. "Mgonga reli huanza na reli," alisema. "Hata mimi sikuwahi kumpigia mtu hodi."

Mkaguzi hugonga mara moja, akanyamaza asikilize. Mwizi hufululiza. Mjomba angejua tofauti hiyo hata usingizini, kama wezi wangemwachia masikio yake. Sisi tuliokuwa na masikio hatukuwahi kumwomba atufundishe.

Polisi walipofika, mwalimu alikuwa ameshatupanga: tuseme ni umati, na umati hauna jina. "Ukitajwa wewe, kituo kimekwenda," alimsihi mjomba, akimpigia kelele sikioni.

"Nilianza mimi, Mwalimu." Akanyoosha mikono afungwe pingu. Sisi wengine tulifyata mikia.

Kituo kilikwenda vilevile. Wakuu wa reli hawakutuma mkaguzi mwingine, nani angekubali? Walituma tingatinga. Kufika adhuhuri ukuta haukuwepo, na hakuna aliyekwenda kusimama mbele ya tingatinga. Tungesimama kwa uso gani?

Nilikwenda gerezani na uongo wangu tayari: kipo, mjomba, tena tumekipaka rangi. Nilikuwa nimeufanyia mazoezi njia nzima. Alikaa upande wa pili wa wavu, akanigeuzia sikio la kulia.

"Yule bwana," alisema, "anaweza kushika nyundo?"

Ilinibidi nipaze sauti. "Hapana, mjomba! Hospitali waliukata mkono!"

Wafungwa wote waligeuka, na askari pia. Mjomba aliinamisha kichwa akalia kwa sauti, kama mtu aliyefiwa, mpaka muda wetu ukaisha. Kituo hakukiuliza.