Zizi Anafungua Nani

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, mwanangu, nilipotoka hospitalini Musoma kwenda kumtibu baba yangu kule Butiama, naye akakataa katakata kwamba anaumwa. Saratani ilikuwa imeshaingia kwenye mifupa ya nyonga. Mama alikuwa amenipigia simu akilia kwamba mzee halali, anang'ata shuka.

Mimi ni daktari wa usingizi na maumivu. Wakati ule ndiyo kwanza nimehitimu, na kazi yangu ilikuwa kichekesho cha ukoo. Baba alitaka binti mpasuaji, mwenye kisu. Jamaa zetu wa Bunda walipomuuliza nimesomea nini, aliwajibu kwamba nimesoma miaka yote hiyo ili nilaze watu. Nilicheka nao, lakini iliniuma sana.

Basi nikamuuliza kama tulivyofundishwa: kati ya sifuri na kumi, maumivu yako ni ngapi?

“Sifuri,” akasema, jasho likimtiririka.

Nikauliza tena mchana, nikauliza jioni. Sifuri. Ningempaje dawa kali kwa maumivu aliyoyakana, naye angekubali vipi kuimeza? Nikaanza kufunga begi langu kwa hasira, maana kiburi nacho nimekirithi kwake.

Shangazi, dada yake baba, alikuwa uani anapepeta mtama. Alinisema bila kuweka ungo chini.

“We mtoto, huyu alitahiriwa mbele za watu, hakupepesa jicho. Leo akuambie wewe binti yake kwamba anaumia? Achana na namba zako. Muulize zizi anafunguaga nani asubuhi.”

Nilidharau kidogo, sikufichi. Lakini asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nikarudi ndani. Safari hii nilikaa kwenye kigoda, nikamuuliza habari za ng'ombe kwanza, kisha nikauliza zizi anafungua nani.

Mzee akageuzia uso ukutani.

“Anafunguaga mama yako,” akasema.

Mwanangu, kwa baba yangu hilo halikuwa jibu dogo. Tangu ajenge mji wake hakuna mkono mwingine uliowahi kugusa lango lile. Machozi yalinitoka, naye hakunikemea. Nikamwambia sitaki aseme anaumwa, nataka afungue zizi lake. Kwa ajili ya zizi, akakubali dawa.

Nilianza na mofini ya maji, kidogo kidogo, nikiongeza kadiri alivyohitaji. Majirani walinong'ona kwamba hiyo ni dawa ya kuagia dunia, mama naye akaingiwa na hofu. Nilibaki palepale, nikimpimia kwa mkono wangu na kumtazama anavyopumua, hadi uso wake ukalegea akalala.

Asubuhi moja niliamshwa na ng'ombe. Nikatoka mbio. Baba alikuwa langoni na fimbo yake, anavuta miti ya lango mmoja mmoja, anawaita ng'ombe kwa majina. Mama amesimama na ndoo, anacheka peke yake. Jirani akapita, akauliza kama kweli ni yeye.

“Ni mimi,” baba akajibu, akaninyooshea fimbo. “Huyu binti yangu, watu wengine anawalazaga. Mimi ameniamsha.”

Saratani hatukuiponya, na wakati wake ulipofika alikwenda. Lakini mpaka karibu na mwisho alifungua zizi mwenyewe. Tangu hapo nimelaza wavuvi wa Rukuba na akina mama wa Bukima waliojifungua kwa kisu, na kila mmoja alipofumbua macho nilifurahi kama asubuhi ile.

Basi wewe unayeianza kazi hii, shika neno langu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Usimpime mgonjwa kabla hujajua anaishije. Muulize maumivu yamemnyang'anya nini, kisha pigana umrudishie. Na wakikucheka kwamba kazi yako ni kulaza watu, waache wacheke, subiri kupambazuke. Mungu akupe mkono mwepesi na sikio lenye subira, na kila utakayemlaza aamke akafungue zizi lake.